Broka ina kasi, sawa. Umeme ukikatika je?

Najua nimepotea wiki mbili nzima, na kuna watu wameanza kuniuliza kwenye mgahawa kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Majaribio ya katikati ya muhula yametubana, na jioni ukirudi hosteli unachotaka ni kulala tu. Leo sina udaku, wala sina habari za mechi. Leo nina hoja, na kuna watu wa darasa letu hawataipenda maana wao ndio nnaowasema.

Hapa chuoni muhula huu kumezuka mashindano. Kila kikundi cha mradi kina broka ya ujumbe, kila kikundi kimeisimika ndani ya mashine pepe kwenye laptopu ya mtu, na kila usiku kuna mtu anapita vyumbani na skrini yake mkononi: "Angalia, yangu inapitisha elfu ngapi kwa sekunde!" Mwengine anajibu yake mara mbili. Basi kelele mpaka saa sita usiku, utadhani Simba na Yanga.

Mie nasema hivi: idadi hizo karibu zote hazina maana. Si kwamba jamaa wanasema uongo. Kinachosema uongo ni mashine pepe zao, na wao hawajaiuliza swali hata moja.

Wale wanaosoma sheria na ualimu msikimbie, nitaeleza kwa lugha ya gari.

Ukiwa mjini na una bahasha ya kupeleka kwetu Kendwa, huendi mwenyewe. Unakwenda kwenye gari za Nungwi, unampa konda, unamwambia amshushie fulani njia panda ya Kendwa. Konda anasema "nimepokea", wewe unarudi kwenye shughuli zako. Huyo ndiye broka. Wewe mtumaji humjui mpokeaji yuko wapi saa hii, yuko kazini au amelala, na si kazi yako. Broka anapokea, anaweka foleni, anafikisha kila mpokeaji akiwa tayari. RabbitMQ ni broka ya namna hiyo, ilitoka 2007. Kafka nayo ni ya ukoo huo ingawa ina tabia zake, ilitokea kampuni ya LinkedIn na ikatolewa wazi 2011.

Sasa swali langu lote la leo liko kwenye neno moja alilosema konda: "nimepokea". Bahasha ameiweka wapi? Akiwa ameishika mkononi huku anakusanya nauli na mlango uko wazi, amepokea. Akiwa ameifungia kwenye kisanduku cha gari, amepokea vilevile. Neno ni lile lile. Lakini gari likipiga tuta kubwa, bahasha moja iko barabarani na nyengine iko salama. Na tukubaliane, konda wa mkononi ni mwepesi zaidi! Hafungui kisanduku, hafungi, anapokea bahasha tano wakati mwenzake anapokea moja. Ukipima kasi tu, yeye ndiye bingwa.

Kwenye kompyuta, mkono ni RAM na kisanduku ni diski. Broka inayojiheshimu, ukiiambia ujumbe huu ni wa kudumu na nataka uthibitisho, haikujibu "nimepokea" mpaka imeuandika kwenye diski na kuuambia mfumo endeshi: hakikisha umefika kweli, usiniambie umefika halafu uko njiani. Amri hiyo ndiyo ghali, na ndiyo inayokula muda.

Hebu tupige hesabu ya darasa la saba. Diski ya kuzunguka ya kawaida ina mizunguko 7,200 kwa dakika. Gawa kwa 60, unapata mizunguko 120 kwa sekunde. Ile ya laptopu nyingi za zamani ina 5,400, yaani 90 kwa sekunde. Sasa ukiandika ujumbe mmoja, ukangoja ufike, ukaandika mwengine, ukangoja, kwa makadirio kila safari inakula mzunguko mmoja. Kwa hiyo diski hiyo haiwezi kukuhakikishia zaidi ya ujumbe mia na kitu kwa sekunde ukituma mmoja mmoja. Haiwezi kimaumbile. Ni chuma kinazunguka, hakijui kwamba wewe una mashindano hosteli.

Halafu anakuja mtu na laptopu ya diski ya 5,400, ndani yake mashine pepe, ndani yake broka, anatuma ujumbe wa kudumu mmoja mmoja na kungoja uthibitisho, na anapata maelfu kwa sekunde. Anafurahi. Mwenzangu, hapo si pa kufurahi, hapo ni pa kuogopa. Kuna mtu hapo kati amesema "nimefikisha" na hajafikisha.

Haki itendeke, kuna njia halali ya kupita 120. Broka inaweza kukusanya jumbe nyingi kutoka kwa watumaji wengi na kuzisukuma diskini kwa fungu moja. Konda anafungua kisanduku mara moja, anaingiza bahasha ishirini. Mwongozo wa RabbitMQ ulieleza jambo hili kwa miaka mingi: uthibitisho wa ujumbe wa kudumu unaweza kuchelewa milisekunde mia kadhaa kwa sababu diski inasukumwa kwa mafungu. Hiyo ni sawa kabisa, maana kila mmoja anangoja kidogo na hakuna aliyedanganywa. Na diski za SSD hazizunguki, kwa hiyo hesabu yangu ya mizunguko haizihusu, ingawa nazo za bei rahisi zina kikumbukumbu chao cha ndani ambacho umeme ukizimika ghafla kinaondoka na kilichokuwemo. Zile za seva hasa zina vihifadhi umeme vidogo vya kumalizia kuandika. Bei zake usiulize.

Mwongo mwenyewe nani? Mara nyingi ni ile tabaka ya katikati. Mashine pepe inadhani ina diski. Haina. Ina faili kubwa tu ndani ya kompyuta ya kweli, hii ya chuma na plastiki ambayo nitaiita kompyuta mama. Broka inaamuru mfumo wake "hakikisha imefika", mfumo wa ndani unaiambia diski pepe, na diski pepe ndiyo inayoamua kama amri hiyo itaipeleka kwa kompyuta mama au itaifyonza kimya kimya. VirtualBox, ambayo nusu ya darasa tunaitumia kwa sababu ni ya bure, mwongozo wake unasema waziwazi: kwa kawaida amri hizo hupuuzwa ili kuongeza kasi, na ukitaka ziheshimiwe kuna mpangilio wa kubadilisha. Kwa hiyo hata kufichwa haikufichwa, iliandikwa. Nani anasoma mwongozo? QEMU nayo ina mpangilio wa namna hiyo, na wao wameuita kabisa "unsafe", yaani wamekupa jina la hatari mkononi na bado watu wanauwasha kwa sababu grafu inapendeza.

Kuna jamaa aliniambia: "Mie nimejaribu, nimeizima mashine pepe ghafla katikati ya kutuma, nikaiwasha, ujumbe wote upo." Hapo ndipo wengi wanaponasa. Ukiizima mashine pepe, kompyuta mama bado inawaka. Vilivyokuwa kwenye RAM ya kompyuta mama viko palepale, itaviandika kwa raha zake. Umemuua konda lakini gari linaendelea kwenda na bahasha iko kwenye kiti. Hilo si jaribio la umeme kukatika. Jaribio ni kuizima kompyuta mama, na kwa laptopu maana yake ni kutoa betri kwanza halafu kuchomoa waya.

Sasa mtu ataniuliza, yote haya ya nini, ni mradi wa chuo tu, tunapata alama tunaondoka. Ngoja niwapeleke Kendwa.

Kwetu ufukwe ndio kila kitu. Bahari ya Kendwa haikimbii mbali maji yakipwa kama ilivyo upande wa mashariki, mgeni anaogelea kutwa, ndio maana hoteli zimejipanga pale. Na jioni wageni wanataka kupanda dau kuangalia jua likizama. Ami yangu, mdogo wake baba, ni nahodha wa dau moja. Hana mshahara, analipwa kwa safari. Safari ikiwepo watoto wanakula vizuri, isipokuwepo wanakula.

Hoteli moja, jina silitaji, ilileta mfumo mpya. Kwenye meza ya ufukweni kuna dada ana tableti, mgeni anachagua safari, analipa, ujumbe unakwenda kwenye broka, broka inaupeleka kwa nahodha kwenye simu, jikoni wakaandae vitafunio, na kwa mhasibu. Broka iko ndani ya mashine pepe, mashine pepe iko kwenye kompyuta ya ofisini chini ya meza. UPS hakuna. Jenereta lipo, lakini jenereta linachukua muda kuwaka na kompyuta haijui kungoja.

Siku hiyo umeme ukakatika alasiri, ukarudi kwa jenereta, mfumo ukawaka tena. Kwenye tableti safari tatu zilikuwa zimeandikwa "imepokelewa". Kwenye foleni hakuna kitu. Jua linashuka, wageni wamesimama mchangani na kamera zao, dau halipo, nahodha yuko kwake anashona tanga kwa sababu simu yake haijalia. Hoteli ikarudisha pesa za wageni. Halafu fidia hiyo ikagawanywa kwa yule dada wa meza na kwa ami, wakakatwa, kwa maelezo kwamba mfumo unaonyesha safari ilipokelewa na nahodha hakutokea.

Niliporudi nyumbani mwisho wa wiki nikamkuta amekaa barazani.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Wewe si unasomea kompyuta? Hebu nambie. Kompyuta ikisema imepokea, imepokea au haikupokea?"

Jamani, mwalimu hajawahi kuniuliza swali zito kama hilo.

Meneja, namshukuru, alikubali nikaangalie. Mpangilio wa broka ulikuwa sawa: ujumbe wa kudumu, uthibitisho umewashwa, foleni inaandika diskini. Aliyeandika programu alifanya kazi yake. Tatizo lilikuwa tabaka ya chini, diski pepe ilikuwa imewekwa isipeleke zile amri za kuhakikisha. Nikampigia fundi aliyeisimika. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike leo. Alisema aliiweka hivyo makusudi, "kwa ajili ya pafomansi", kwa sababu kwenye maonyesho kwa wateja mfumo wake unapitisha maelfu ya ujumbe kwa sekunde.

Maelfu kwa sekunde! Siku moja ina sekunde 86,400. Hoteli ile siku ya wageni wengi kabisa, hata usiku wa sherehe ya mwezi mpevu ambapo Kendwa nzima haina pa kukanyaga, haifikishi safari mia. Diski mbovu kuliko zote kisiwani, yenye kuandika ujumbe mmoja kwa sekunde, ingetosha na ingelala usingizi. Amenunua kasi ambayo hakuna mtu anayeihitaji, na aliyeilipia ni nahodha.

Ndio maana nakasirika na mashindano ya hosteli. Yule fundi hakuzaliwa vile. Alikuwa mwanafunzi kama sisi mahali fulani, akapita vyumbani usiku na skrini yake, akapigiwa makofi kwa idadi.

Na sisi wa Unguja ndio wa mwisho kabisa wa kusahau umeme. Walio wadogo waulize kaka zao. Mei hadi Juni 2008 kisiwa kizima kilikaa giza karibu mwezi. Disemba 2009 hadi Machi 2010 kikakaa tena, safari hiyo miezi mitatu hivi, maji yakawa shida kwa sababu pampu ni umeme, hoteli zikaishi kwa jenereta na wenye friji za samaki wakalia. Waya mpya wa chini ya bahari, wa megawati 100, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba kwa fedha za Marekani, ulizinduliwa 2013 na hali ikawa nyengine. Lakini kukatika kwa dakika kumi, kwa nusu saa, huko kupo, na broka haihitaji miezi mitatu ya giza. Inahitaji nusu sekunde tu.

Ajabu ni kwamba watu wa kawaida wanalielewa hili kuliko sisi wa kompyuta. Nenda duka lolote Kendwa ulipe kwa simu. Utamwonyesha mwenye duka skrini yako, "nimeshatuma bwana", atakwambia sawa, tungoje sms iingie kwangu. Haachii mzigo. Hajasoma kitabu cha mifumo ya ujumbe, lakini anajua kwamba "nimetuma" ya kwako na "nimepokea" ya kwake ni vitu viwili, na pesa iko kwa cha pili. Tangu M-Pesa ianze Kenya 2007 na kuvuka kuja Tanzania 2008, pwani nzima imejifunza kungoja uthibitisho. Mwenye duka anangoja sekunde thelathini na halalamiki kuhusu pafomansi.

Kuna watakaosema: ah, suluhisho ni wingu, peleka kwenye mashine pepe ya kampuni kubwa, wao wana jenereta na mafundi. Kweli, umeme wao haukatiki hovyo, na diski zao kwa kawaida zinatii amri. Lakini hapo unabadilisha ugonjwa, na huu nao una uongo wake wa kasi.

Chukua t2.micro ya Amazon, ile ndogo ambayo wengi walianza nayo kwa sababu ya ofa ya bure. Ina prosesa pepe moja na RAM ya GB 1. Lakini prosesa hiyo si yako yote. Haki yako ya kudumu ni asilimia 10. Kila saa unapata pointi 6, na pointi moja ni dakika moja ya prosesa kwa asilimia mia. Unaweza kulimbikiza mpaka 144. Yaani ni kama bando! Asubuhi ukiwa na akiba mambo yanaruka, unapima broka dakika tano, unapata grafu nzuri, unaibandika kwenye ripoti. Jioni wageni wanaingia, akiba inakwisha, unabaki na asilimia 10, na foleni inaanza kurefuka kama ya pale benki mwisho wa mwezi. Diski zao za aina ya gp2 nazo zina mtindo huohuo, ndogo inaruhusiwa kupanda mpaka shughuli 3,000 kwa sekunde kwa akiba, akiba ikikauka inarudi kwenye 3 kwa kila GB, isiyopungua 100. Mtu aliyepima dakika tano amepima akiba, hajapima mashine.

Halafu kuna majirani. Mashine pepe ni chumba cha kupanga kwenye nyumba ya mlango mmoja na bomba moja. Jirani akiamua kufua mablanketi, maji kwako yanachuruzika. Kwenye Linux fungua programu ya top uangalie safu ya st. Hiyo ni sehemu ya muda ambao ulitaka prosesa ukanyimwa kwa sababu mama mwenye nyumba amempa mwengine. Ikipanda, hata ubadilishe broka mara kumi haitasaidia. Nimeona watu wawili wanagombana RabbitMQ na Kafka ipi bora, na hakuna aliyeiangalia st.

RAM ndogo nayo ina mchezo wake. RabbitMQ za mfululizo wa 3, kwa mpangilio wa kawaida, zikifikisha asilimia 40 ya RAM inayoiona, zinawazuia watumaji mpaka foleni ipungue. Kwenye GB 1 hiyo ni kama MB 400. Haitoi kosa, haianguki, inanyamaza tu. Mtu asiyejua anadhani imekufa, anaizima kwa nguvu. Ilikuwa inajilinda!

Na bahari je? Amazon walifungua kituo chao Cape Town Aprili 2020, ndicho cha karibu kwa upande wetu, na bado ni mbali. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika, na Tanzania nzima tukayumba, hata kufungua barua pepe ilikuwa kazi. Broka yako siku hiyo ilikuwa mzima wa afya huko Cape Town. Iko hai, haifikiki. Safari za dau za Kendwa zitangojea meli ya kuunga waya? Kwa maoni yangu, foleni ya mambo ya hapa ikae hapa, kwenye mashine ya hapa, na huko mawinguni ipelekwe nakala njia ikiwa nzuri. Hata M-Pesa ya Kenya seva zake zilikuwa Ujerumani mpaka 2015, ndipo zikahamishiwa Kenya.

Wale wa Kafka najua mmeshafungua mdomo. Mtasema Kafka haingoji diski kwa kawaida, inategemea nakala: ujumbe unaandikwa kwenye mashine tatu, ikifa moja mbili zipo. Sawa. Na lile jaribio maarufu la LinkedIn la 2014, maandiko milioni 2 kwa sekunde kwa mashine tatu za bei nafuu, mnalitaja kila siku. Zilikuwa mashine tatu za kweli, kila moja na diski zake sita. Wewe "mashine tatu" zako ni mashine pepe tatu ndani ya laptopu moja ya HP yenye ufa kwenye skrini. Hayo ni madau matatu yaliyofungwa kwenye nanga moja. Kamba ikikatika yanaondoka yote pamoja, na ukubwa wa msafara haukusaidii chochote. Foleni za quorum za RabbitMQ, zilizoanza toleo la 3.8 mwaka 2019, zina sharti hilohilo: zaidi ya nusu ya nodi zikubali kabla ya kukuthibitishia. Nodi zote zikiwa kwenye kompyuta mama moja, umeitisha mkutano na watu watatu ambao ni mtu mmoja.

Na wale wa RabbitMQ msicheke. Lile jaribio lenu la 2014 kwenye wingu la Google, ujumbe milioni 1 kwa sekunde, lilikuwa kwenye mashine pepe kweli. Lakini zilikuwa 32, kila moja na prosesa pepe 8 na GB 30 za RAM. Jumla GB 960. Nani hapa ana GB 960? Hosteli nzima tukikusanya, tukiongeza na maabara, hatufiki nusu.

Sisemi kasi haina kazi. Kuna ujumbe ambao ukipotea hakuna anayelia. Kipimo cha joto la maji kinachotumwa kila sekunde, kikipotea kimoja kinakuja chengine, huo mpe konda wa mkononi na ufurahie wepesi. Nafasi ya gari kwenye ramani, hivyohivyo. Lakini malipo, safari ya mtu, matokeo ya kipimo cha hospitali, zamu ya kazi, hivyo vifungiwe kwenye kisanduku hata kama foleni itakwenda kwa mwendo wa punda. Na kwenye broka inawezekana kabisa, foleni hii ya kudumu, ile si ya kudumu, palepale kwenye mashine moja. Wanaoweka zote za haraka ni wavivu tu wa kufikiri nani ataumia.

Kwa hiyo nina pendekezo kwa vikundi vyote, na wawakilishi nimeshawaambia. Badala ya kupita vyumbani na idadi, Jumamosi baada ya sala ya alasiri tukutane chumba cha chini pale tunapochezea keram. Kila kikundi kije na mashine yake. Programu itatuma ujumbe wenye namba, moja, mbili, tatu, na kwenye daftari la pembeni, kwenye simu ya mtu mwengine kabisa, tunaandika kila namba iliyothibitishwa. Betri nje. Halafu katikati, bila kuambiwa saa, waya unachomolewa. Tunawasha, tunahesabu. Kila namba iliyoandikwa "nimepokea" kwenye daftari na haipo kwenye foleni ni dau moja halikwenda. Tufanye mara tano kila kikundi, maana mara moja unaweza kubahatika.

Wenye laptopu za betri isiyotoka wasilete visingizio, kuna kompyuta tatu za mezani nimeshaomba ruhusa. Na mafaili yenu ya ripoti mnakili kwanza kwenye flashi, sitaki lawama za mtu.

Ami amesema anataka kuja kuangalia, Jumamosi hana safari. Waya nitampa yeye achomoe.